Mary Ainsworth: Mwanasaikolojia wa Majuu Aliyefunzwa Kazi na Mamathe wa Uganda

Kama umesoma saikolojia hata semista moja tu, hili jina umekutana nalo: Mary Ainsworth. Yule wa jaribio la mtoi, mathe yake na mgeni ndani ya chumba kimoja. Ulikariri, ukaandika kwa mtihani, ukasonga. Lakini kuna sehemu ya stori yake ambayo malekcha wengi huipita mbio kama mat ya saa kumi na moja jioni: hiyo kitu yote haikuanzia Marekani. Ilianzia huku kwetu, kwenye vijiji vya karibu na Kampala, sebuleni mwa mamathe wa Kiganda, mwaka wa 1954.

Hii stori inakuhusu zaidi kama uko mahali kama Githongo, kule Meru, digrii ya saikolojia iko kwa kabati, na hujui kama uingie masta ya utafiti ama utafute kozi fupi ya ushauri nasaha uanze kushika doo. Nyumbani wanauliza utafiti unaliwa na nini. Wasee wa steji wanadhani saikolojia ni kusoma akili za watu. Na wewe ukiangalia majani chai yamepanda hadi karibu na msitu wa Mlima Kenya, unaona utafiti ni kitu ya majuu, ya maabara na mashine za bei mbaya. Kaa hapo kidogo, soma maisha ya huyu mama kwanza.

Msichana wa vitabu

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake la kwao lilikuwa Mary Dinsmore Salter, na ndiye alikuwa kifungua mimba kati ya wasichana watatu. Mwaka wa 1918 familia ilihamia Toronto, Kanada, kwa sababu ya kazi ya mbuyu yake. Kwao kulikuwa nyumba ya watu wa shule. Wazazi wote wawili walikuwa wamepitia chuo, kitu ambayo wakati huo haikuwa ya kila mtu, hasa kwa mwanamke.

Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha William McDougall kuhusu tabia ya binadamu. Hapo ndipo alishtuka. Kumbe mtu anaweza kutafuta sababu ya vile anajiskia na vile anatenda ndani yake mwenyewe, si kulaumu tu mambo ya nje! Akaamua hapo hapo atakuwa mwanasaikolojia. Mwaka wa 1929, kabla hajafika miaka 17, akaingia Chuo Kikuu cha Toronto. Waliochukua saikolojia kama somo kuu walikuwa wachache sana.

Digrii ya kwanza alimaliza 1935. Masta ikafuata 1936. Uzamivu, yaani PhD, akabeba 1939. Miaka minne tu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Usirukie PhD, simama hapo kwa masta. Wakati huo, chini ya mwalimu wake Sperrin Chant, Mary alikuwa anafanya kazi na kifaa cha kupima vile ngozi ya mtu inabadilika akiguswa na hisia fulani. Ukishtuka ama ukikasirika, ngozi inatoa jasho kidogo sana ambalo jicho halioni, lakini mashine inalishika. Mwaka wa 1937 yeye na Chant walichapisha makala kuhusu kupima misimamo ya watu juu ya vita kwa kutumia njia hiyo. Yaani kabla hajawa gwiji wa watoi na mamathe, alikuwa mwanafunzi tu amekaa na kifaa, anajifunza kitu moja: usiamini tu kile mtu anakuambia, angalia pia kile mwili wake unafanya.

Hiyo ndiyo tofauti ya masta ya utafiti na ile ya kukaa darasani tu. Ya darasani inakupa majibu ya watu wengine. Ya utafiti inakufunza kuuliza swali lako, kutafuta njia ya kulijibu, halafu kukubali jibu hata kama si lile ulitaka. Mada ya masta ya Mary hakuna mtu anaikumbuka leo. Lakini ile tabia ya kuangalia alibaki nayo maisha yake yote.

Kwa PhD alisimamiwa na William Blatz. Huyu mzee alikuwa na wazo moja tamu. Alisema mtoi anahitaji kujiskia salama na wazazi wake ndio awe na nguvu ya kutoka, kujaribu vitu vipya, kukosea na kurudi. Usalama si kamba ya kumfungia mtoi nyumbani. Ni kama charji: akijaza, anatoka. Mary alilibeba hilo wazo kwa mfuko miaka mingi kabla ya kupata mahali pa kulitumia.

Vita, mlango kufungwa, na safari ya London

Baada ya PhD alifunza kidogo hapo Toronto. Vita Kuu ya Pili ikachacha, na mwaka wa 1942 akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada. Kazi yake ilikuwa kusaidia kuchagua nani anafaa kazi gani. Alipanda cheo hadi akawa meja. Fikiria: mwanasaikolojia, mwanamke, meja, na vita bado inaendelea.

Vita ikaisha, akarudi kutafuta kazi ya chuo. Chuo kimoja huko Kanada kilikuwa karibu kumchukua, walimu wa idara wanamtaka, lakini wakubwa wa juu wakadinda. Shida haikuwa karatasi wala akili. Shida ilikuwa ni mwanamke. Basi akarudi Toronto kufunza.

Mwaka wa 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa anasoma saikolojia hapo hapo. Leonard alitaka kumalizia PhD yake London, wakafunga virago. Mary, mwenye PhD yake tayari, akafika London bila kazi. Akaona tangazo gazetini, akaandika barua, akapata. Bosi aliyempata pale kliniki ya Tavistock alikuwa John Bowlby.

Bowlby alikuwa anatafuta jibu la swali moja zito: ni nini hutokea kwa mtoi mdogo akitenganishwa na mathe yake? Enzi hizo mtoi akilazwa hospitali Uingereza, wazazi waliruhusiwa kumwona kwa nadra sana. Kulikuwa na jamaa kwa hiyo timu, James Robertson, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na watoi waliolazwa na kuandika kila kitu wanafanya. Hapimi. Haulizi maswali ya fomu. Anaangalia, anaandika. Mary alipopewa zile noti azichambue, alipagawa. Akajiambia siku akipata utafiti wake mwenyewe, ataufanya hivyo: aende mahali watu wanaishi, akae, aangalie.

Na uelewe, hakuwa anakubaliana na Bowlby kwa kila kitu. Bowlby alikuwa anaanza kusema kwamba mtoi hushikamana na mathe kwa sababu amezaliwa na hiyo hamu, vile kifaranga hufuata kuku, si kwa sababu tu anapewa maziwa. Mary aliona hiyo ni kuruka mbali sana. Aliondoka London akiwa bado na shaka.

Kampala: swali linakufa, lingine linazaliwa

Mwaka wa 1954 Leonard alipata kazi kwenye Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere. Mary akafuata tena. Hakuwa na kazi inamngoja Kampala. Hakuwa na maabara. Hakuwa na mashine ya kupima ngozi. Taasisi ikamsaidia kuanzisha utafiti mdogo, na hapo akaingia vijijini.

Alienda na swali tayari. Alikuwa ameskia kwamba Waganda wana desturi ya kumwachisha mtoi kunyonya kwa kumpeleka akakae kwa shosho yake. Kwa mtu aliyetoka kwa Bowlby, hiyo ilikuwa dhahabu. Angewaangalia watoi kabla ya kutenganishwa na baada yake, aone tofauti.

Alipofika, akapata hiyo desturi karibu imeisha. Wengi walikuwa wameacha kuifuata. Swali lake likafia mikononi.

Hapa ndipo wengi wetu tungesema hii masta imeniangusha, wacha nirudi nyumbani. Mary alibaki. Alijiuliza: kama siwezi kuona kutengana, si niangalie vile kushikamana kwenyewe kunaanza? Lini mtoi anajua huyu ni mathe yangu na si mtu mwingine? Anaonyeshaje?

Akapata familia 26 zenye watoi 28, wadogo sana hadi wa karibu miaka miwili. Kila wiki mbili aliwatembelea kwa karibu saa mbili, na wengine aliwafuatilia hadi miezi tisa. Alikuwa na mkalimani Mganda, mwanamke, ambaye bila yeye hakungekuwa na utafiti wowote. Mary mwenyewe alijikaza kujifunza Luganda. Hakuenda mikono mitupu pia: aliwapa mamathe lifti ya kupeleka watoi kliniki na akawasaidia kupata maziwa ya unga kwa bei nafuu. Alielewa kitu ambayo watafiti wengi bado hawajaelewa, kwamba ukichukua masaa ya mtu, umrudishie kitu.

Ziara zilifanyika mchana, sebuleni, wakati ambapo mamathe wa Kiganda walikuwa wamezoea kupokea wageni. Kwa hivyo alichokiona kilikuwa maisha yenyewe. Mtoi anatambaa kutoka kwa mathe, anafika karibu na mlango, anageuka kuhakikisha mathe bado yuko, anaendelea. Akiogopa, anarudi mbio. Mathe akitoka nje, mtoi analia kwa njia ambayo halii mtu mwingine akitoka. Mathe akirudi, mikono inaenda juu.

Mzee Blatz alikuwa ameongea juu ya hiyo kitu darasani Toronto miaka ishirini nyuma. Sasa hapo Uganda Mary aliiona ikitambaa sakafuni. Mathe alikuwa msingi: mtoi anatokea hapo kwenda kujua dunia, na anarudia hapo dunia ikimtisha.

Alipochambua noti zake, watoi 16 aliwaona wameshikamana na mathe kwa usalama. Hawa walilia kidogo na walicheza bila wasiwasi mathe akiwa karibu. Wengine 7 walishikamana lakini bila usalama. Walilia sana hata wakiwa wamebebwa. Na 5 hawakuwa bado wameonyesha tofauti kati ya mathe na mtu mwingine.

Sasa, nini kilitenganisha haya makundi? Kitu moja ilimkaa. Kuna mamathe ukiwauliza kuhusu watoi wao, wanakupa kila kitu: analala saa ngapi, analia vipi akiwa na njaa na analia vipi akiwa amechoka, kitu gani kinamchekesha. Na kuna wengine ukiuliza, wanaanza kuongea juu ya mambo mengine. Watoi wa wale wa kwanza ndio wengi walikuwa salama. Mathe anayemsoma mtoi wake na kumjibu ndiye mtoi anamwamini.

Na ile shaka yake juu ya Bowlby? Iliyeyuka huko huko Uganda. Aliona kwa macho kwamba mtoi hangoji tu kulishwa. Mtoi mwenyewe anatafuta, anafuata, anaita. Wazo lililoonekana ni la kuruka mbali huko London lilikuwa na ushahidi kwa nyumba za udongo na za mabati karibu na Kampala.

Baltimore: sahani tofauti, mshahara tofauti

Baada ya karibu miaka miwili Uganda, Leonard akapata kazi Baltimore, Marekani. Unajua tayari nini kilifuata. Mary akafungasha noti zake, akaenda, akaanza tena chini. Alipata nafasi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na huko alipata kwamba walimu wanawake hawakuruhusiwa kula chumba kimoja na walimu wanaume. Daktari wa falsafa, meja wa jeshi, mtafiti aliyevuka mabara mawili, lakini wakati wa lunchi tafadhali kaa kule. Mshahara pia alilazimika kuupigania.

Mwaka wa 1960 ndoa ikaisha. Ilimuumiza sana, na alitafuta msaada wa kitaalamu kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia pia ni mtu, na huyu hakuona haya kuketi upande ule mwingine wa meza. Hakujaliwa watoto, kitu ambayo alikuwa ametamani.

Noti za Uganda zilibaki zikingoja. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka 1967. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka kumi tangu siku ya mwisho kijijini. Kwa hivyo wewe mwenye tasnifu imekwama sura ya nne, tulia.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1963, alikuwa ameanza utafiti wa pili, huo wa Baltimore. Familia 26 tena. Safari hii timu yake iliwatembelea kila baada ya wiki tatu, karibu saa nne kila mara, tangu mtoi akiwa na wiki chache hadi apite mwaka mmoja. Jumla ni karibu saa 72 kwa kila nyumba.

Lakini huko akakutana na kikwazo. Watoi wa Baltimore hawakuonyesha mambo wazi kama wa Uganda. Mathe akitoka chumba kimoja kuingia kingine, mtoi hashtuki, kazoea. Ule mchezo wa kwenda na kurudi aliouona Uganda haukuonekana vizuri. Ndiyo maana yeye na Barbara Wittig walibuni jaribio la chumba kigeni, lile unalijua kwa jina la Strange Situation. Mathe na mtoi wa karibu mwaka mmoja wanaingia chumba wasichokijua chenye vitu vya kucheza. Mgeni anaingia. Mathe anatoka. Mathe anarudi. Hatua nane, karibu dakika 20 zote.

Sasa shika hapo vizuri. Jaribio maarufu zaidi la saikolojia ya watoi lilibuniwa ili mtafiti aone Marekani kile ambacho Uganda alikuwa amekiona bure, sebuleni.

Na matokeo yake yalishtua. Cha muhimu hakikuwa mtoi analia kiasi gani mathe akitoka. Kilikuwa anafanya nini mathe akirudi. Wengine walimkimbilia, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimpuuza kana kwamba hawajamwona. Wengine walimtaka na kumsukuma kwa wakati mmoja. Na alipolinganisha na zile saa 72 za nyumbani, akaona tena kitu kile kile: mathe aliyemjibu mtoi vizuri mwaka wa kwanza ndiye mtoi wake alitulia. Mwaka wa 1972, yeye na mwenzake Silvia Bell walionyesha pia kwamba watoi walioshughulikiwa haraka wakilia hawakuharibika. Walilia kidogo zaidi baadaye. Hiyo iligonga vibaya wataalamu waliokuwa wakisema ukimbeba mtoi akilia unamfunza kulia. Hata huku kwetu mtaani bado utaskia ati wacha alie, mapafu yakomae.

Kitabu kikubwa cha kazi hiyo, alichoandika na wanafunzi wake, kilitoka 1978. Wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Virginia, tangu 1975. Alistaafu 1984 lakini aliendelea kufanya kazi miaka kadhaa. Wanafunzi wake, kina Mary Main, Inge Bretherton na Everett Waters, wakawa majina makubwa wenyewe. Alifariki tarehe 21 Machi 1999 huko Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 85.

Alichoacha wazi

Usifikiri alimaliza kila kitu. Jaribio lake lilipopelekwa sehemu zingine, lilianza kuuliza maswali mapya. Mfano uko hapa Kenya. Watafiti walilitumia kwa watoi wa Gusii. Huko mtu mzima akimrudia mtoi, kawaida anamsalimia kwa mkono, si kumkumbatia. Kwa hivyo mtoi aliyetulia hakukimbia kukumbatiwa. Alinyoosha mkono asalimiwe! Mtafiti asiyejua hiyo angeandika mtoi hajali. Anayejua mila anaona mtoi amejaa furaha. Na huko watoi hulelewa pia na kina dada wakubwa, kwa hivyo walipima hata kushikamana na yaya mtoto, si mathe peke yake.

Ama angalia jirani zako wa Embu. Kuanzia miaka ya 80 watafiti walikaa huko wakifuatilia lishe na akili za watoto. Mwaka wa 1998 wakarudi na utafiti wa shule 12. Watoto wa shule zingine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kwanza. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi kwenye mtihani wa kufikiri wa Raven. Na walipolinganisha watoto wa 1984 na wa 1998, alama zilikuwa zimepanda sana kwa miaka hiyo 14. Watu wa saikolojia duniani wananukuu Embu. Embu hiyo hiyo unayopita ukienda Nairobi. Mashine yao? Githeri, makaratasi ya maumbo, na uvumilivu.

Sasa jiulize: ni nani aliyeuliza hayo maswali? Wengi wao walitoka majuu. Mary alikuja Uganda kwa sababu mume wake alipata kazi. Hata hakuchagua. Alihitaji mkalimani kuelewa salamu. Wewe wa Githongo humhitaji. Unajua shosho anavyomtuliza mtoi Kimeru. Unajua mathe anayechuma majani chai anamwacha mtoi na nani kuanzia alfajiri. Unajua kijana aliyerudi ushago baada ya Nairobi kumshinda anakaa kimya namna gani. Mary angelipa pesa nyingi kujua hayo kabla ya siku ya kwanza.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Masta ya utafiti ni pendekezo linalorudishwa likiwa na wino mwekundu, ni kibali cha kamati ya maadili, ni leseni ya NACOSTI, ni msimamizi ambaye anapotea, ni karo wakati wenzako wanalipwa. Na haikupi leseni ya kutibu watu. Tangu sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kazi hiyo ina masharti yake. Kama moyo wako uko kwa kukaa na mgonjwa mmoja mmoja, fuata ile njia nyingine bila aibu, nayo ni kazi ya heshima. Lakini kama kuna kitu unakiona kila siku na hakiko kwa kitabu chochote ulichosomeshwa, kitu inakukera hadi usiku, basi hiyo ni dalili.

Ukiamua, beba vitu vitatu kutoka kwa huyu mama. Swali lako likifa uwanjani, usife nalo. Angalia ni nini kimesimama mahali pake. Unayemtafiti mrudishie kitu, hata kama ni lifti ya kliniki. Na usikimbilie kifaa kabla ya kukaa na watu.

Zile familia 26 za karibu na Kampala ziko kwa kila kitabu cha saikolojia ya watoi, ingawa wanafunzi wengi hawajui majina yao wala hata kwamba walikuwa Waganda. Walifungua mlango, wakamkaribisha mgeni, wakaendelea kulea. Sayansi ilitoka hapo. Utafiti ujao kama huo unaweza kutoka kwa sebule ya Meru, na safari hii anayeandika noti si lazima awe mgeni.